Binti Aliyetumbukia Kwenye Pipa la Senene

Juzi msomaji wa Jinja ameniandikia: "Dada, nina hadithi ya msichana anayeingia nchi ya majini na mazimwi akisaidiwa na viumbe vidogo, lakini kila ninayempa anasinzia. Nifanyeje?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Hadithi hiyo niliwahi kuiandika mimi.

Ya kwangu ilikuwa na vijitu vya mabawa ya kioo, kasri na theluji. Theluji! Mimi niliyeiona kwenye picha za Rwenzori tu. Mhariri mmoja akanirudishia baada ya miezi saba na mstari mmoja: watoto wetu hawapendi mambo haya. Mambo gani? Hakusema. Bado inaniuma, sitadanganya.

Novemba nikaenda kwa jjajja, bibi yangu, Masaka, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Taa kali za kuumiza macho, mabati yameegemezwa juu ya mapipa, moshi wa majani mabichi, na senene wanagonga bati kama mvua ya mawe kisha wanateleza hadi ndani. Asubuhi tukaketi na beseni kuwanyonyoa mabawa na miguu. Nikamwokota mmoja, hana mguu hata mmoja, vipapasio vyake bado vinacheza. Nikaona aibu, ingawa mchana niliwala wenzake kwa vitunguu.

Nikaiandika hadithi upya. Basi binti wa hadithi yangu, wa miaka tisa, akateleza juu ya bati, akatumbukia kwenye pipa, na pipa halikuwa na kitako. Akatokea kuzimu, kwa Walumbe wa masimulizi ya Baganda. Wanaoijua njia ya kurudi ni senene, walewale aliowanyonyoa asubuhi. Yeye ni wa ukoo wa Nsenene, yaani ukoo wa senene, kuwala ni mwiko kwake, na anajitetea hivyo: sikuwala! Wanamjibu: miguu yetu iko wapi? Alikuwa akiwanyonyolea majirani kwa shilingi mia tano.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Jinja, wape viumbe wako wadogo sababu ya kukataa. Na wakikubali, wamsaidie kwa udogo wao. Jjajja husimulia jinsi Ggulu, mwenye mbingu, alivyomwambia Kintu, mtu wa kwanza wa Buganda, amtambue ng'ombe wake katikati ya makundi. Nyuki ndiye aliyemwonyesha. Hakupigana na mtu, alitua tu. Wewe nyuki wako umempa upanga, nina hakika.

Hatari nayo iwe hatari. Walumbe ni kifo chenyewe. Kayiikuzi, ndugu yake, alitumwa kumkamata akashindwa, na Walumbe akazama ardhini Ttanda, kule Mityana, ambako mashimo yake yanaonyeshwa hadi leo. Halafu sisi tunawaandikia watoto jini mwenye kitambi anayeteleza kwenye ganda la ndizi! Tunawadharau. Mtoto aliyewahi kukaa matangani anajua kifo hakichekeshi, na anayeandikia watoto bila kuwaheshimu afadhali akauze chapati. Nasema hivi kwa kuwa nilikuwa hivyo. Andika ulichokiona, andika ulichokishika. Nimeshasema, narudia.

Mwezi uliopita niliisoma hadithi yangu mpya darasani, wanafunzi kama sitini, madirisha hayana vioo. Hakuna aliyesinzia (mhariri angekuwepo!). Nilipofunga daftari, mvulana wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, yule asiye na miguu alirudije nyumbani?"

Sijaandika. Nimo ndani ya sura hiyo tangu Jumanne.