Kabla hujanunua winchi ya kumvutia nyati kutoka korongoni, soma hapa

Usinunue. Hiyo hela iache mfukoni kwanza.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mdogo wetu wa Moshi kakabidhiwa Land Cruiser na kampuni ya uwindaji, msimu unafunguliwa Julai, na kitalu chao, yaani eneo walilopewa la kuwindia, kina makorongo ya mawe upande wa mlima Kitumbeine, Longido. Anauliza anunue winchi (ile mashine ya kwenye gari inayokunja waya na kuvuta) ya uwezo gani, achukue waya au kamba ya sintetiki, glavu zipi, taa zipi za usiku, na amvute vipi nyati mzima mpaka juu kwenye njia ya gari "ili mteja apige picha vizuri na ngozi isiharibike". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yamenifanya niandike, maana sisi tuliambiwa hayohayo, neno kwa neno.

Nyati dume mzee alipigwa jioni ukingoni mwa korongo, hukohuko Kitumbeine. Akakimbia hatua chache, akaporomoka mpaka chini kwenye yale mawe meusi ya volkano. Askari wa wanyamapori akahakikisha amekufa, karatasi zikajazwa. Jua lilikuwa bado lipo, wabebaji wapo, visu vipo. Mzee wetu wa kufuatilia nyayo alikuwa ameshakunja shuka na anapitisha kisu kwenye jiwe. Bosi akamzuia. Akataka nyati apande juu mzima, hata tumbo lisiguswe, mteja apige picha kwenye mwanga wa asubuhi.

Mimi nilikuwa na rimoti ya winchi mkononi. Waya ulizungushwa shingoni nyuma ya pembe, halafu ndoano ikarudishwa kwenye waya wenyewe. Usifanye hivyo kamwe. Pale ndoano inapoukunja waya, nyuzi zinavunjika mojamoja na wewe uliye juu huoni kitu. Juu kidogo waya ulikuwa unasugua ncha ya mwamba. Nyati alipanda vizuri hadi katikati, kisha bega likajipachika chini ya jiwe. Taa za gari zikafifia, betri inalia njaa, bosi anapiga kelele "vuta, vuta!" Nikavuta.

Waya ukakatika. Kipande cha juu kilirudi, kikang'oa kioo cha pembeni cha gari na kumpiga kijana wa kubeba mizigo chini ya goti. Mfupa ulivunjika. Usiku ule wote uliishia kwenye kumfunga mguu kwa fito na vitambaa, kisha kumsafirisha kwa barabara ya vumbi kwenda hospitali. Kijana yule alikuwa na mke na mtoto mchanga, na msimu mzima akawa hana kazi. Hakuna picha ya mteja yenye thamani hiyo.

Nyati naye alirudi chini palepale alipoanzia, akalala na tumbo lake mpaka asubuhi. Watu wengi hawajui kinachotokea hapo. Ngozi ya nyati ni nene, na chakula kilichomo tumboni kinaendelea kuchacha na kutoa joto hata baada ya mnyama kufa. Tulipofika tulikuta tumbo limevimba, miguu ya upande wa juu imenyanyuka. Mzee akapasua paja. Nje nyama nyekundu, safi kabisa, ungeinunua buchani bila kuuliza. Kisu kilipofika kwenye mfupa wa nyonga, kandokando yake nyama imegeuka kijani, na harufu iliyotoka pale ilitufanya wote turudi nyuma. Mapaja yote mawili yalitupwa. Na kulikuwa na kijiji kinachosubiri nyama ile, akina mama walishafika na vyombo vyao. Nani aliwaeleza? Sisi wafanyakazi, si bosi.

Sasa nawarudia waliotuingiza kwenye shimo lile. Wa kwanza ni muuza vifaa mjini Arusha, aliyetuambia winchi ile inavuta lori, itashindwaje na ng'ombe wa porini. Ile 9,500 iliyoandikwa kwenye boksi ni ratili, kwenye kilo inakuja kama 4,300. Tena nguvu hiyo unaipata waya ukiwa umebaki safu ya mwisho tu kwenye dramu, lile gurudumu la winchi linalokunja waya. Waya ukijaa kwenye dramu, nguvu inapungua kila safu inayoongezeka. Nyati dume anaweza kupita kilo 700, lakini akishajipachika chini ya jiwe huvuti kilo 700 tena, unavuta mlima. Muuzaji alijua, au alitakiwa kujua. Hakusema chochote kuhusu kapi (kigurudumu cha kupitishia waya au kamba), hakusema chochote kuhusu kukaa mbali na waya.

Wa pili ni hawa wanaojifunza kwenye video za Uskochi. Kule wanamtoa kulungu mlimani, na mimi nazipenda video zile, watu wale wanajua kazi yao. Ila angalia vizuri wanachofanya. Kulungu wao ameshatolewa utumbo palepale alipoanguka, madume mengi hayafiki kilo 120, ardhi ni nyasi na tope, baridi kali, na mara nyingi wanamburuta kwenda CHINI au wanampakia kwenye farasi wadogo wa milimani. Kule New Zealand kwenye majabali, wanatumia helikopta. Wewe una mnyama mwenye uzito mara sita ya huyo, una joto la Longido, na unataka apande JUU. Video ile haikuhusu.

Kanuni yangu ni moja, na bosi yeyote akikuzuia mwambie achukue rimoti mwenyewe: nyati hatoki korongoni, inatoka mizigo. Mkate palepale alipoanguka.

Fanya hivi. Kwanza hakikisha amekufa kweli. Mwendee kwa nyuma, mguse jicho kwa fimbo ndefu huku mwenye bunduki akiwa tayari. Kama kundi lina Waislamu, liamueni suala la kuchinja kabla hamjatoka kambini, nani atachinja na atakaribia lini kwa usalama, maana mkisubiri mpaka nyati ameshakufa, nusu ya watu wenu hawatakula. Kisha funga miguu ya juu kwa kamba kwenye mti au jiwe, asikuangukie wakati uko chini yake. Fungua tumbo, toa utumbo bila kuutoboa. Mteja kama anataka kichwa cha ukutani, ngozi ya shingo na mabega ichunwe kwanza na mtu anayejua, mpaka nyuma ya bega. Kichwa na ngozi hiyo vinapanda peke yake mabegani mwa watu, na picha mnapiga hukohuko chini kabla kisu hakijaanza. Mwanga wa jioni korongoni ni mzuri tu.

Baada ya hapo ni kazi ya bucha. Mguu wa mbele haujaungwa na mwili kwa mfupa, kisu peke yake kinautoa. Paja linatoka kwenye kiungo cha nyonga, tafuta kiungo, usipige shoka mfupa. Mbavu ndiyo kazi ya shoka au msumeno. Ukimaliza upande wa juu, mgeuze. Paja moja la dume ni mzigo wa watu wawili kwa mzegazega, mti mbichi mabegani, nyama imefungwa katikati isiyumbe. Usitie nyama kwenye viroba vya nailoni, vinafungia joto ndani. Tumia mifuko ya amerikani, kile kitambaa cha pamba, mama yeyote mwenye cherehani anakushonea, halafu itundike kivulini penye upepo.

Penye ukuta wa mwamba ambao mtu hapandi na mzigo, hapo ndipo kamba na kapi vinafaa, kwa mzigo mmojammoja, watu wanavuta kwa mikono na wanauona. Penye njia ya punda, tumia punda. Waulize akina mama wa boma, kwa kawaida wao ndio wanaowatumia kubeba maji. Kama kilo 50 kwa punda mmoja, uzito ulingane pande zote mbili, na funika nyama kwa gunia asiisikie damu mgongoni.

Winchi ya gari kama ipo tayari, ibaki kwa kujinasua kwenye matope. Hata huko, acha mizunguko isiyopungua mitano kwenye dramu, tumia shekeli (pingu ya chuma yenye pini) na mkanda mpana badala ya kurudisha ndoano kwenye waya, na ukitumia kapi nguvu inakaribia kuwa mara mbili, ingawa mwendo unapungua nusu. Tandaza koti zito katikati ya waya ili ukikatika usiruke kwa nguvu. Pale soko la Memorial hapo Moshi utapata koti la mtumba la maana kwa bei ndogo. Watu wote wakae mbali zaidi ya urefu wa waya uliotoka. Kamba ya sintetiki ni nyepesi na ikikatika hairudi kwa ukatili uleule, lakini kwenye mawe ya volkano inakatwa upesi, na jua linaila.

Glavu ni za ngozi. Za taa waulize wengine.

Hela ya winchi nunua visu vizuri vitatu, tupa ya kunolea, msumeno wa mifupa, kamba ndefu, kapi mbili na amerikani. Inayobaki ongeza wabebaji wawili, na uwaandikishe kwa jina kwenye karatasi ya kampuni kabla gari halijatoka Arusha, ili mmoja akiumia kuwe na wa kumlipia. Yule wetu hakuwa ameandikwa popote.