Kabla ya Kuchomeka Mkoko: Ushauri kwa Vijana wa Lamu

Vijana wa shule hapa Lamu hawakosi moyo. Mvua zikianza tu, utawaona wameshuka matopeni na magunia ya mbegu za mikoko, wanapanda mchana kutwa, wanapiga picha, wanarudi nyumbani wamechoka na wamefurahi. Miezi sita baadaye pale walipopanda pamebaki vijiti vikavu, na wengi wao huona kwamba mazingira ni jambo la kukatisha tamaa. Lililowaangusha ni kupanda pasipofaa na kutorudi kuangalia.

Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kamba, kaa na samaki wachanga wanakulia humo, na boriti za nyumba zetu zimetoka humo. Kijana wa miaka kumi na mitano anaweza kufanya kazi ya maana kwenye msitu huu, kazi ambayo hata afisa wa misitu ataitegemea, ila aifanye kwa utaratibu.

Kwanza ruhusa. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu tangazo la mwaka 1932, kwa hiyo msiokote mbegu wala kupanda kabla ya kuonana na ofisi iliyo karibu ya KFS, yaani Huduma ya Misitu ya Kenya. Barua ya nusu ukurasa yatosha: jina la chama, mwalimu au mzee anayewasimamia, mahali, aina ya mti, idadi na tarehe. Kisha nendeni kwa BMU ya kijiji, ile kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo. Wavuvi wanajua mkondo unapopita, madau yanapopaki, na wapi watu walishapanda ikafa. Mkifika salimieni, kaeni kitako, kisha ulizeni: "Shikamoo ami, hapa zamani palikuwa na mikoko?"

Hilo swali lina uzito kuliko mengine yote. Akisema hapajawahi kuwa na mti, pana sababu, na nyinyi hamtaishinda kwa jembe. Akisema palikatwa, angalieni kama miche midogo imeanza kuota yenyewe. Ikiwa miti mama iko karibu na maji yanaingia na kutoka vizuri, msitu hurudi bila kupandwa, na kazi yenu ni kuulinda usikatwe tena na usiliwe na mbuzi. Akisema palikufa baada ya barabara au tuta kuzuia maji, basi lenye kutakiwa ni kufungua njia ya maji. Kupanda hapo kabla ya maji kurudi ni kuua mbegu.

Kupima mahali

Tope tupu upande wa bahari, mbele ya msitu, huwavuta wengi kwa sababu ni wazi na halina mwenyewe. Lakini mikoko huota kati ya usawa wa kati wa bahari na mwisho wa maji ya bamvua, yale makubwa yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine. Ukishuka chini ya hapo, mche hufunikwa na maji saa nyingi mno, mizizi hukosa hewa, na wale wadudu wa magamba wanaoshika chini ya madau huuvaa shina lote mpaka ukalemewa. Kwenye nyasi za bahari msipande kabisa. Hayo ni malisho ya kasa na nguva.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukueni vijiti viwili vilivyonyooka, vya mita mbili hivi, vitieni alama kila sentimita 10 kuanzia usawa wa tope, kisha vipakeni chaki ya ubao tangu chini hadi juu. Kimoja kichomekeni katikati ya miche ya aina ile ile iliyoota yenyewe na ikastawi, cha pili pale mnapotaka kupanda. Acheni maji yajae na kupwa mara moja, siku isiyo na mawimbi makubwa. Chaki itakuwa imetoka mpaka pale maji yalipofika, na mtasoma kina cha sehemu zote mbili. Tofauti ikizidi shibiri moja, tafuteni pengine. Zoezi hili ni la siku moja na linaokoa kazi ya mwaka mzima. Tunashangaa kila mara linaporukwa.

Kila mti una mahali pake. Mlilana hukaa mbele kabisa, unapigwa na bahari. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule wa mizizi mirefu iliyojitanda juu ya tope. Kisha muia, kisha mkandaa kwenye ardhi iliyoinuka. Mchu huvumilia chumvi nyingi, utauona karibu na bahari na tena nyuma kabisa kuelekea nchi kavu. Tazameni majirani walio hai kwenye usawa huo huo, mpande kama wao. Kuna tabia ya kupanda mkoko mtupu kila mahali kwa kuwa mbegu yake ni kubwa na rahisi kushika. Ndiyo sababu moja kubwa ya vitalu kufa.

Mbegu na kupanda

Mbegu ya mkoko ni kile kijiti kirefu cha kijani kinachoning'inia mtini. Imeiva pale panapotokea ukanda wa njano kati ya kijiti na kofia yake, na ukiigusa hutoka bila kuvutwa. Ikibidi kuivuta, iache. Igeuze mkononi uitazame yote: ikiwa na tundu dogo, mdudu yumo ndani, ikiwa imenyauka au imevunjika ncha ya chini, tupa. Wekeni mbegu kivulini kwenye gunia lililoloa. Mkikaa nazo kwa wiki moja hivi kabla ya kupanda, kaa hawazipendi kama wanavyopenda zilizotoka mtini leo, na kaa ni adui mkubwa wa mbegu mpya.

Mbegu za mchu ni ndogo na zina ganda. Zilowekeni usiku kucha mpaka ganda litoke lenyewe, kisha zibonyezeni juu ya udongo nusu tu, ukizifukia zinaoza. Hizi ni bora zianze kitaluni. Paketi za maziwa zilizotobolewa chini, zikajazwa tope na mchanga, zatosha kabisa, na kitalu kikiwa pale maji ya kawaida yanapofika, bahari hukumwagilia. Mche ukifika sentimita 30 na majani sita, uko tayari. Siku ya kupanda chaneni paketi, itoeni yote, mrudi nayo nyumbani. Kuacha plastiki chini ya mti uliopandwa kwa ajili ya mazingira ni aibu, na tena hubana mizizi.

Siku ichagueni kwa mwezi. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katika siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Pandeni mara bamvua inapoisha, mkielekea maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo, ili mbegu zipate siku kadhaa za kushika kabla ya mikondo mikali kurudi. Sehemu za juu, za mkandaa, ni kinyume: huko maji hufika kwa bamvua tu, kwa hiyo subirini mvua ziwe zimelainisha ardhi.

Pimeni kitalu cha mita 10 kwa 10, mchomeke mbegu mita moja moja, ncha iliyochongoka ikiwa chini, thuluthi moja ya urefu ndani ya tope. Ukizidisha nusu inaoza, ukipunguza inaelea. Usiisokote wala kuipiga. Tope likiwa gumu, toboa kwanza kwa kijiti. Hapo mna mbegu 100, na hesabu yenu itakuwa rahisi mwaka mzima. Chama cha watu 20 kinaweza kutunza vitalu viwili au vitatu ipasavyo. Elfu moja za kupigia picha hazina maana yoyote.

Vaeni viatu vya kufunga kamba, kwa sababu chaza hukata nyayo na ndara hubaki topeni. Watu wazima wawili wawepo, mmoja kazi yake iwe kutazama maji tu. Vijito vya nyuma hujaa kabla ya hapo mlipo, na wageni wa matope hujikuta wamekatiwa njia.

Kisha mrudi. Mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, na kila mara mwandike waliobaki na jinsi waliokufa walivyokufa. Mbegu iliyong'oka imechukuliwa na mawimbi. Iliyokatwa sawa karibu na tope ni kaa; hapo badala ya mbegu pandeni miche ya kitaluni yenye majani. Majani yameliwa na shina limebaki: mbuzi au punda, na dawa ni kuongea na mwenye mifugo, maana uzio wa miiba haudumu. Kilele kimekauka, mahali ni pa juu mno au chumvi imezidi. Shina limevaa magamba, ni chini mno. Ikiwa mwezi wa tatu wamebaki chini ya 50, msijaze mapengo mpaka mjue sababu, la sivyo mtaua wengine 50.

Na tukiwa hapo: mti mzima uliosimama una thamani kuliko miche mingi. Mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, kaunti ya Kwale, unaouza hewa ya ukaa, yaani unalipwa kwa kaboni ambayo msitu huifyonza na kuitunza, na kupeleka fedha kwenye maji na shule za kijiji, nguvu yake ni hekta 117 za msitu, na sehemu kubwa ni msitu uliokuwapo tayari ukalindwa. Kijana anayepita na simu akapiga picha ya mahali palipokatwa upya, akaandika tarehe na jina la kijito, akampelekea afisa wa misitu kupitia kwa mwalimu, amefanya kazi kubwa. Asimkabili mkataji mwenyewe.

Plastiki

Kuokota taka ufuoni ni kuzuri, ila kusikoendelea na kuchambua huhamisha taka kutoka ufuoni kwenda jaani tu. Tazameni namba iliyo kwenye pembetatu chini ya chombo: 1 ni chupa za maji na soda, 2 ni mitungi ya mafuta na sabuni, 5 ni vifuniko vingi na mabeseni. Namba ikifutika, kateni kipande kidogo mkitie kwenye beseni la maji. Namba 1 huzama, 2 na 5 huelea. Zisichanganyike, kwa sababu 2 huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi na 1 haiyeyuki mpaka karibu 250, kwa hiyo plastiki ya namba 2 ikiyeyushwa kuwa ubao, kipande cha chupa ya maji kikiingia humo hubaki donge na ubao unapasuka hapo. Lamu tunajua plastiki safi iliyochambuliwa inafika wapi: dau la Flipflopi, chini ya fundi Ali Skanda, lilijengwa hapa kwa plastiki iliyotumika na ndara, likashushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar.

Msitumie reki wala kuchimba mchanga wa juu ya mstari wa maji, hasa kuanzia Aprili hadi Julai ambapo kasa wengi hutaga. Mayai hukaa humo karibu miezi miwili. Sindano na chupa zilizovunjika ziokotwe na mtu mzima, kwa koleo, zitiwe kwenye mtungi mgumu. Na msichome chochote.

Kusema barazani

Hii ndiyo sehemu ambayo vijana huambiwa wasubiri wakue. Hapana sababu. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, hata kama hajathibitisha kuwa yeye mwenyewe ameumia. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi ulipoteza leseni yake tarehe 26 Juni 2019, na sababu kubwa ya Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal, linalosikiliza rufaa za leseni) kuifuta ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wa Lamu walishinda kwa kuonyesha mambo ambayo hawakuambiwa.

Mradi ukitaka leseni, NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hutangaza ripoti yake ya athari kwa mazingira, na tangazo hutaja siku ya mwisho ya kutoa maoni. Gawaneni ripoti: kila mtu kurasa 20, na atafute mambo matatu tu, yaani maji yatatoka wapi, taka zitakwenda wapi, wavuvi wa mahali hapo wametajwa au la. Andikeni ukurasa mmoja wenye hoja mbili au tatu, kila hoja na namba ya ukurasa wa ripoti. "Ukurasa wa 84 unasema eneo halina mikoko, tuna hesabu ya kitalu chetu hapo tangu Januari" ni sentensi ambayo hakuna mhandisi atakayeipuuza. "Tunapinga kwa sababu ni mbaya" huipuuza kila mmoja. Kwenye baraza chagueni msemaji mmoja, asome kwa dakika tatu, aanze kwa kuwasalimu wazee, na nakala ikabidhiwe mezani.

Leseni ikitoka nanyi hamkuridhika, mna siku 60 za kukata rufaa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira, na hapo mtahitaji wakili au shirika la wakubwa lisimame nanyi. Walio chini ya miaka 18 waweke majina yao, na mwalimu au mzazi atie sahihi pamoja nao. Barua yoyote mnayopeleka ofisini iwe na nakala mbili: moja wabaki nayo, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo. Asiyetaka kugonga mhuri, muombeni aandike jina lake na saa kwa mkono.