Mkuu, kabla hujalipia masega soma namba iliyogongwa kwenye bati

Simamisha hiyo oda. Umesema una Nissan 350Z ya 2004, upo California, taa ya cheki injini inaleta P0420 (namba ya hitilafu inayosema sega halisafishi moshi vizuri), na umepata mtandaoni masega mawili ya bei chee, yaani vile vichocheo vya kusafisha moshi kwenye ekzosi, yaliyoandikwa kwamba yamekidhi masharti ya EPA. Mimi niliuziwa hadithi hiyo hiyo. Ada ya chuo nilishalipa, na chuo hicho hakirudishi ada.

EPA ni wakala wa mazingira wa serikali ya shirikisho ya Marekani. California ina bodi yake ya hewa, CARB, na kwa masega ya kununua dukani CARB haiangalii kibali cha EPA. Tangu 2009 kila sega lisilo la kiwandani linalouzwa au kufungwa huku lazima liwe na kibali cha CARB, yaani namba ya EO (Executive Order, hati ya kibali) inayoanza na D, halafu kistari na tarakimu. Namba hiyo hugongwa kwenye bati la sega lenyewe, pamoja na namba ya spea, tarehe ya kutengenezwa na mshale wa kuonyesha moshi unakoelekea. Stika ya karatasi haihesabiki. Picha ya boksi haihesabiki. Muuzaji akikwambia "ina EO, usijali", mwambie akutumie picha ya bati. Akianza kuzungukazunguka, jibu umeshapata.

Sasa sikiliza pale ambapo wengi huliwa. Kuwa na namba ya EO hakutoshi. Kila EO ina orodha ya magari yake: mwaka, injini, na kundi la majaribio (test group) la injini hiyo. Sega linaweza kuwa na namba halali kabisa ya CARB na bado likawa haramu kwenye gari lako, kwa sababu liliidhinishwa kwa gari jingine. Wengine ni wajanja zaidi: wanakupa namba ya EO ya mfumo wa kuvuta hewa, nayo inaanza na D vilevile, na wewe unaona D unachekelea.

Kwa hiyo fungua boneti utafute lebo ya moshi. Humo kuna kundi la majaribio lenye herufi na tarakimu 12. Kwa gari lako litaanza na 4 ya mwaka 2004, kisha NSX ya Nissan, na mbele kidogo utaona 03.5 ya ukubwa wa injini. Lebo hiyo hiyo inasema kama gari lilisajiliwa kwa viwango vya California au vya shirikisho. Ingia kwenye tovuti ya CARB, tafuta kwa kundi hilo, linganisha na namba ya spea unayotaka kununua, herufi kwa herufi. Visipolingana, hununui. Hata shemeji yako akiwa ndiye muuzaji.

Na usinijie na hoja ya "moshi wangu utakuwa msafi". Gari la petroli la 2000 na kuendelea halichomekwi kipimo kwenye bomba huku. Mkaguzi wa Smog Check, yaani ukaguzi wa moshi wa California, anasoma kompyuta ya gari kupitia tundu la OBD-II, kisha anaingia chini na tochi na kioo kusoma namba kwenye sega. Asipoiona, au isipokuwa ya gari lako, umefeli kwenye ukaguzi wa macho hata kama bomba lako linatoa hewa ya mlimani. Hapo unanunua masega kwa mara ya pili, unalipa fundi kwa mara ya pili, na lile la kwanza hata kuliuza kihalali huku huwezi, maana masega yaliyotumika hayaruhusiwi kuuzwa wala kufungwa California. Kwa hiyo lile wazo lako jingine la kwenda kung'oa masega ya kiwandani kwenye gari bovu, lisahau pia.

Wauzaji hawa wanajua wanachofanya. Chini kabisa ya tangazo, kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi, wameandika kwamba mzigo haupelekwi California. Halafu ukiwapigia wanakushauri utumie anwani ya rafiki aliye Nevada! Faida kwao, faini kwako. Na fundi anayekubali kufunga mzigo wa aina hiyo "kwa sababu mteja ndiye ameleta" naye ni wale wale. Msinione wakala wa CARB, sijawahi kunywa hata chai yao. Aliye New York, Maine au Colorado asicheke, huko nako wamefuata masharti haya.

Kuna sababu ya kiufundi pia, si karatasi tu. Sega la bei chee lina platinamu, paladiamu na rodiamu kidogo. Kompyuta inalinganisha sensa ya oksijeni iliyo mbele ya sega na iliyo nyuma yake. Sega likiwa zima, volti ya sensa ya nyuma hutulia karibu na 0.6 au 0.7. Likichoka, sensa ya nyuma nayo inaanza kupanda na kushuka, na P0420 inarudi. Sega dhaifu hunyamazisha taa kwa muda, halafu taa inawaka tena. Zile spesa za kuivuta sensa ya nyuma mbali na moshi ni kuchezea mfumo, nazo ni kosa kisheria.

Na P0420 ni ya benki ya kwanza peke yake, yaani upande mmoja wa silinda za injini. Benki ya pili ni P0430. Upande mmoja ukilia peke yake, usikimbilie kununua yote mawili. Angalia kwanza kama ekzosi inavuja kabla ya sensa ya nyuma, maana hewa ikiingia pale sensa inadanganyika. Angalia plagi na koili za upande huo: injini ikimisi, petroli isiyoungua inawakia ndani ya sega na kuyeyusha kauri. Na kwa aliye na ile injini ya 350Z iitwayo rev-up, ya 2005 au 2006 yenye gia za mkono, inajulikana kwa kula oili, na fosforasi ya oili inaua sega jipya kama ilivyoua la zamani. Tibu ugonjwa kwanza.

Kufunga si kazi kubwa. Nati pulizia dawa ya kutu usiku uliotangulia, kwa sababu stadi zikikatika kwenye manifoldi utajuta. Gasketi na nati mpya, mshale uelekee nyuma, bolti zote zishike kwa mkono kwanza ndipo ukaze. Silikoni usiipake popote, inaua sensa.

Ukishafuta namba za hitilafu kwenye kompyuta usiende kukaguliwa siku hiyo hiyo. Vipimo vya ndani vya kompyuta vinarudi sifuri, na kwa gari lako kinachoruhusiwa kutokamilika ni kile cha EVAP tu, yaani cha mfumo wa mvuke wa petroli. Cha sega lazima kiwe kimekamilika. Washa gari likiwa limelala usiku kucha, tanki likiwa kati ya robo na robo tatu, endesha mjini na barabara kuu kwa mwendo uliotulia, kisha usome kwa skana mpaka ukione kimekamilika.

Piga picha ya lebo ya boneti uiweke hapa pamoja na namba ya spea ya hayo masega, tuilinganishe kabla hujatoa kadi.