Digrii ya Mkwawa Iringa ni ya UDSM

Umeuliza kama digrii ya Mkwawa ni ya UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam): ni ya UDSM kabisa mkuu, hao wanaosema ni chuo kingine wanakuchanganya tu. Mkwawa ni chuo kikuu kishiriki cha UDSM tangu 2005, zamani ilikuwa shule ya sekondari, wakaigeuza pamoja na Chang'ombe (ndo DUCE ya leo, chuo kishiriki kingine cha UDSM) maana walimu wa sekondari walikuwa hawatoshi na Mlimani (kampasi kuu ya UDSM) pasingeweza kubeba wote. Mdogo wangu kamaliza pale, cheti chake kimeandikwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ila kozi nyingi pale ni za ualimu, kama unataka sheria au uhandisi hapo ni Mlimani tu. Na kwenye kuomba cheki gaidibuku (kitabu cha mwongozo wa kuomba vyuo) ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, Mkwawa inakaa kivyake.