Mama alipata kiharusi, nitajuaje kama yuko kwenye hatari ya kuanguka?

SWALI: Dokta shikamoo, mama ana miaka 63, kiharusi kilimpata mwaka jana upande wa kushoto, sasa anatembea na fimbo ila juzi usiku kidogo aanguke akienda chooni. Nampimaje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Hiyo ya juzi tayari ni dalili, usisubiri aanguke kweli. Kuna kipimo hata mafizio (wataalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo) wanakitumia, anakaa kwenye kiti, anainuka, anatembea mita 3, anageuka, anarudi kukaa, we unahesabu na simu, na mwingine asimame upande wake wa kushoto tayari kumdaka. Ikizidi kama sekunde 14 mpeleke kwa fizio, ila sekunde zisikudanganye, mwangalie sana anapogeuka maana wengi wanayumba hapohapo. Halafu muongeleshe akiwa anatembea, akisimama kwanza ndo akujibu ujue kutembea kunamla akili yote. Kipimo cha Berg, kile cha kupima mwili unavyojishikilia usianguke, vitendo 14 alama 56, mwachie fizio.

Kitu ambacho ndugu wengi hawakioni: je, anaacha wali upande wa kushoto wa sahani, au bega la kushoto linagonga mlango? Hapo ubongo unausahau ule upande, na fimbo peke yake haitasaidia, mwambie daktari. Mtajie na dawa zote anazomeza, za presha na za usingizi hasa, kama akisimama anasikia kizunguzungu.

Leo usiku acha taa ya koridoni iwake, ndoo itoke njiani na kandambili aziache kwanza, avae viatu vinavyoshika kisigino.