Kabla hujaandika "Mrundi" kwenye wasifu wa msanii, soma hapa

Juzi nimeletewa skripti tatu za wasifu na vijana wetu wapya hapa redioni, zote za waimbaji wa hapa hapa Kigoma, na zote tatu mstari wa kwanza kabisa una lile kosa nililolifanya mimi 2015, kumpachika mtu uraia bila kumuuliza. Nilikaa nazo mezani hadi chai ikapoa. Nawapenda wadogo zangu, sauti mnazo na bidii mnayo, ila kwa hili nitawasema mpaka mnichoke.

1. Alipozaliwa, asili yake na uraia wake ni maswali matatu, usiyajibu kwa neno moja. Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Mji Mkongwe Zanzibar 1946, wazazi wake Waparsi wa kutoka India, familia ikahamia Uingereza 1964 na huko ndo akawa yule tunayemjua. Sasa kijana ananiandikia "mwanamuziki Mtanzania". Tanzania ya 1946 ipi hiyo jamani? Muungano ni Aprili 1964! Andika Mwingereza mzaliwa wa Zanzibar, basi, hujamnyima mtu kitu. Remmy Ongala naye alizaliwa Kindu 1947, wakati huo ni Kongo ya Mbelgiji, jina la Zaire limekuja 1971, alafu akaingia Dar 1978 na muziki uliompa jina kaufanyia huku kwetu. Ukimwita "Mzaire" tu umefuta maisha yake yote ya Dar, ukimwita "Mtanzania" tu umeifuta Kindu, na hiyo Kindu wazee wengi wa Ujiji wenye asili ya Manyema wanaijua kwenye hadithi za babu zao. Andika vyote viwili kwa mpangilio, sentensi mbili zinatosha.

2. Diamond kazaliwa Dar, kwao Kigoma. "Kwao" na "mzaliwa wa" sio kitu kimoja.

3. Lugha anayoimba isikudanganye. Khadja Nin kaimba Kiswahili dunia nzima ikamsikia na ni Mrundi. Na hapa ndo naingia kwenye langu.

Kulikuwa na kijana mmoja anaimba vizuri sana, gitaa lake moja tu, nyimbo karibu zote Kiha, lugha ya Waha wa huku Kigoma. Nikapewa kazi ya kuandika intro yake ya dakika mbili. Mimi sikukulia vijijini, nimekulia Mwanga ya hapa Kigoma mjini, Kiha changu ni cha salamu, na kila anayekijua anajua Kiha na Kirundi vinasikilizana kama ndugu. Nikasikiliza wimbo mmoja nikajiambia huyu Mrundi. Nikamuuliza bodaboda mmoja pale nje akasema eeh, mama yake alikuja na wale wakimbizi wa Burundi wa 1972. Hicho ndo kilikuwa chanzo changu, bodaboda, na namba ya kijana mwenyewe ninayo kwenye simu! Nikaandika "msanii kutoka Burundi anayeishi Kigoma", ikasomwa hewani, nikaenda kula.

Kumbe mama ni Muha wa Kasulu, aliolewa ng'ambo ya mpaka akarudi kwao, na kijana kazaliwa Kasulu. Na wiki ile ile alikuwa anashughulikia pasi, kaitwa kupiga shoo Nairobi, ya kwanza maishani mwake nje ya nchi. Mtu akarekodi kile kipande akakirusha WhatsApp, kikafika kusikotakiwa kufika. Akaitwa kuhojiwa. Leta cheti cha mama, leta cha baba, bibi yako kazikwa wapi, nenda kwa mtendaji wa kijiji ulete barua, barua haina muhuri rudi tena. Shoo ikapita yuko kwenye benchi la ofisi na bahasha mkononi.

Mnaofika Kigoma mkitokea mikoa mingine mnaweza kuona ni neno tu. Huku mpakani sio neno tu. Sheria yetu ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo ukishasema hewani fulani ni Mrundi, anayesikia anaelewa umesema sio mwenzetu. Na hata kama mama angekuwa kweli wa 1972, wale wa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo zaidi ya 150,000 walipewa uraia wa Tanzania, kwa hiyo huenda bado ningekuwa nimekosea.

Nilienda kuomba radhi nyumbani kwao. Mama akanikaribisha, akaniwekea ugali wa muhogo na mgebuka, akasubiri nimalize kula ndo akasema, "Baba, si ungeniuliza mimi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kijana hakukanyaga studio yetu miaka miwili.

4. Umri ukiwa haueleweki andika takriban. Bi Kidude kafariki 2013 na mwaka wake wa kuzaliwa bado watu wanabishana.

5. Maisha binafsi. Hapa najiuliza mawili tu, kasema mwenyewe? linahusu kazi yake? Freddie Mercury alitangaza kuwa ana ukimwi tarehe 23 Novemba 1991, akafariki kesho yake, tunaandika kwa sababu alilitoa mwenyewe. Sasa wewe umeniandikia "ana watoto watatu kwa wanawake watatu", umeambiwa na nani? Yule dada wa taarab mmemwandikia talaka yake mistari minne na albamu yake mstari mmoja! Mtoto wake anasoma hapa mjini, redio inasikika mpaka kantini ya shule, wenzake watamfanyaje kesho asubuhi? Nimeukata huo mstari na nitaukata tena ukirudi.

Skripti zenu zipo mezani kwangu. Ile ya tatu, ya kijana mnayesema Mkongo, namba ya mama yake anayo prodyuza, mpigieni leo kabla ya saa kumi maana jioni anakuwa mwaloni Kibirizi kwenye dagaa na huko hasikii simu. Shikamoo kwanza, alafu ndo maswali.