Mwenye afya njema naye huugua ini

Mdogo wangu ni mvuvi, hanywi pombe wala havuti sigara. Alipopata homa ya ini aina ya B, minong'ono ikaanza mtaani kwetu Ngamiani, hapa Tanga: kijana mwenye nguvu vile, macho yamegeuka manjano, lazima ana jingine analolificha. Maneno hayo yaliniuma, maana si kweli.

Daktari alinieleza kwamba kinachoumiza ini zaidi si virusi vyenyewe, bali ni kinga ya mwili inayozishambulia seli zilizoambukizwa. Ndiyo maana mtu mzima mwenye kinga imara anaweza kulala kitandani wiki kadhaa, mkojo mweusi kama chai ya mkandaa, kisha akapona: zaidi ya 9 kati ya 10 huvifukuza virusi bila dawa maalumu. Kichanga, ambaye kinga yake bado changa, mara nyingi haonyeshi dalili yoyote, ila takribani 9 kati ya 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki navyo miaka na miaka.

Ukimuuguza mtu wa namna hii, usilitwishe ini lake mzigo. Watu walituletea chupa za mizizi iliyochemshwa, kwa nia njema kabisa. Nikashukuru, nikaziweka kando. Dawa nyingi, za duka na za porini, hupitia kwenye ini. Hata parasetamo muulize daktari kwanza. Mpe maji, chakula kidogo kidogo, na apumzike. Akianza kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kiasi, kutapika mfululizo au kutokwa damu, msingoje kuche, mpelekeni hospitali.

Wala msimtenge. Sisi tulikula naye sinia moja, kwa sababu aina ya B haiambukizi kwa chakula. Huambukiza kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Wembe na mswaki, kila mtu na wake.

Baada ya miezi 6 arudie kipimo hata kama amenawiri. Virusi vikiwa bado vipo, ahudhurie kliniki.

Na nyumba nzima ipimwe. Chanjo ya homa hii ya ini iliingia katika ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo wengi wetu tuliozaliwa kabla hatukuipata. Asiye na virusi wala kinga achanjwe: sindano 3, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6 tangu ile ya kwanza.